Mstari wa Kusubiriana

Gari-sumaku lilikuwa limeshaiacha stesheni ya Mbalamo, limeinuka kiganja kimoja juu ya njia yake na kuanza kulikata bonde la Kilombero bila kelele, wakati Gaudensia Lyanga bado anapenya behewa hadi behewa akitafuta chumba cha wakubwa. Tiketi hakuwa nayo. Alirukia mlango ukijifunga, kiatu kimoja kikabaki jukwaani, naye akaendelea na safari na kile kingine. Saa mbili kamili za asubuhi. Upande wa milima mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani.

Abiria mia tisa waliiona mbingu ile. Kila mmoja akatazama mkono wake, akaona kijani, akarudi kwenye chai yake.

Mkononi kulikuwa na kikuku-tabiri, fahari ya nchi nzima. Ni bangili nyembamba ya kioo laini. Ikiwaka kijani, nyumba yako iko salama kwa siku nzima ijayo. Njano, kaa tayari. Nyekundu, ondoka. Zamani watu walitazama mawingu, wakatazama siafu wanahamia wapi, wakabishana mpaka wakagombana. Siku hizi habishani mtu. Mvua itakupiga utosini, mto utapanda mpaka kizingiti cha mlango, wewe ukitazama mkono ukaona kijani utasema haya ni manyunyu tu.

Kikuku chenyewe hakijui lolote. Akili ilikaa Mbalamo, chini ya kilima, kwenye jumba lenye baridi ya mochwari, na jina lake ni Mzinga. Ndani ya Mzinga kulikuwa na vikokotoo milioni tisa, kila kimoja kidogo kama punje ya mtama, vyote vikipiga hesabu kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo hesabu sambamba, na haina uchawi. Bonde lote, milima yote na mito yote vilikatwa vipande kama shamba linavyokatwa ngwe, kila kikokotoo kikapewa ngwe yake. Kinahesabu mvua iliyonyesha pale, udongo ulikunywa kiasi gani, maji yaliyobaki yanaelekea wapi. Kikimaliza kinamuuliza jirani: unaniletea nini? Jirani naye anamuuliza jirani yake. Lakini huwezi kumuuliza mtu ambaye hajamaliza. Kwa hiyo tangu mashine hizi zilipobuniwa kulikuwa na mahali ambapo wote husimama mpaka wa mwisho afike, ndipo waanze hatua nyingine pamoja. Mafundi walipaita mstari wa kusubiriana.

Profesa Fulgensi Matimbwa ndiye aliyeufuta mstari huo. Kwa kuufuta alipata ofisi yenye zulia, na asubuhi hiyo alikuwa anakwenda Arusha kupokea nishani.

Gaudensia alimkuta behewa la kwanza, mguu juu ya mguu, roboti mhudumu akimmiminia kahawa. Kando yake alikaa Kanisius Kapungu, afisa uhusiano wa Taasisi ya Hesabu Sambamba. Ile Taasisi ilikuwa na vyeo vingi kuliko viti, na kila mwenye cheo alikuwa na mtu wa kuchekea vichekesho vyake. Kwa Profesa kazi hiyo ilikuwa ya Kapungu.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba. Lyanga! Mhandisi wangu wa zamu. Nani yuko na Mzinga?"

"Mzinga unajiendesha. Profesa, naomba urudishe mstari. Sasa hivi."

Kapungu akamtazama miguuni. "Dada, kiatu kimoja umekiweka rehani?"

Profesa akacheka kwa pua. Gaudensia akakaa bila kukaribishwa, akatandaza mezani karatasi ya kielektroniki yenye ramani. Ramani ilikuwa nyeupe, ila pembeni, chini ya ukingo wa mlima, kulikuwa na kishada cha nukta nyeusi kama nzi juu ya kidonda.

"Hivi ni vikokotoo vinavyorukwa," alisema. "Mia nne na kumi na mbili. Kila siku ni hivyo hivyo. Nilidhani ni vibovu, nikavibadilisha vyote mwezi uliopita. Vipya navyo vikachelewa. Ndipo nikauliza, je, ubovu si wa vikokotoo? Je, ni wa ngwe?"

"Asilimia tisini na tisa nukta tisa ya vikokotoo vinamaliza kwa wakati," alisema Profesa, kama mtu anayesoma maandishi ya kwenye fulana. "Hata kamati ya Arusha imekubali."

Hapa inafaa kueleza huyu bwana alifikaje pale, maana hakushuka na mvua.

Kijijini kwao walilima kwa ujima. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, kila mtu na ngwe yake, na hakuna anayegusa chakula mpaka wa mwisho amalize. Fulgensi alikuwa na mikono myepesi. Alimaliza mapema, akakaa kwenye tuta na njaa yake, akimtazama bibi mmoja aliyekuwa wa mwisho kila mara, akamchukia. Jembe la yule bibi lilikuwa likilia kwenye mawe tangu asubuhi. Fulgensi alilisikia, na hata siku moja hakuinuka kwenda kutazama ile ngwe ina nini.

Chuo kikuu aliandika tasnifu ya kurasa mia tatu kuthibitisha kwamba kusubiri ni hasara. Jambo hilo mpiga debe yeyote angemwambia bure. Shahada ya pili, akapunguza kusubiri kwa nusu. Ya tatu, kwa nusu ya nusu. Akaenda ng'ambo, akarudi na lafudhi. Miaka ishirini na sita ya utafiti, makala mia moja na arobaini, na katika zote hizo hakuna hata moja inayouliza kwa nini anayechelewa anachelewa. Mwishoni akatoa kanuni aliyoiita Mruko: kikokotoo ambacho hakijamaliza kwa muda uliopangwa kinarukwa, na mahali pa jibu lake panawekwa wastani wa majibu ya jirani zake. Ndiyo hiyo. Mtoto akichelewa kumaliza mtihani, unamwandikia majibu ya waliokaa karibu naye, halafu unatangaza kwamba shule yako inasahihisha haraka kuliko zote duniani.

Na kweli, Mzinga ulikuwa wa haraka. Hesabu iliyochukua saa tano ilichukua dakika arobaini. Kuna Orodha ya Wepesi, inayopanga mashine zote za dunia kama mbio za punda, na Mzinga ulikuwa unaelekea nafasi ya kwanza. Sharti lilikuwa moja: siku thelathini mfululizo bila kugusa mpangilio wake. Ili mtu asiuguse, Profesa aliufunga kwa kufuli la sauti. Sauti yake peke yake, maneno mawili: rudisha mstari. Hiyo ilikuwa siku ya ishirini na tisa.

"Profesa, nisikilize kidogo," alisema Gaudensia. "Tambarare, maji yanatulia. Hesabu moja inatosha, kikokotoo kinamaliza. Hapa chini ya ukingo vijito vitatu vinagongana na udongo unameguka. Hesabu haikai. Kikokotoo kinarudia, kinarudia tena, mara mia, mpaka jibu likubali. Ndiyo maana kinachelewa. Kinachelewa kwa sababu pana hatari. Sisi tunakiruka, tunaweka jibu la jirani wa tambarare ambaye hana shida yoyote. Yaani tumetengeneza mashine inayofumba macho kila inapofika penye shimo."

"Maneno mazuri. Una makala?"

"Sina makala. Nimechukua mvua ya mwaka jana nikaihesabu kwa kompyuta ile kuukuu ya stoo, na mstari wake ukiwepo. Imechukua siku kumi na moja. Mwaka jana ukingo ulibakiza kidogo tu uanguke. Mvua ya jana na leo ni mara mbili ya ile. Chini yake ni mtaa wa Lihoma Chini. Watu elfu mbili, Profesa. Vikuku vyao ni kijani."

"Umekwenda Kitengo cha Maafa?"

"Jana. Wameniambia wanatoka ofisini Mzinga ukisema nyekundu."

"Basi wana nidhamu," alisema Kapungu.

Gaudensia akamgeukia. "Wewe kaka, kahawa yako inapoa."

Akaendelea, taratibu, kama mtu anayehesabu vidonge. Sasa ni saa mbili na robo. Mstari ukirudi sasa, Mzinga utachukua saa tano zake, saa saba na robo utatoa jibu la kweli. Wingu kubwa, kwa mwendo wake, linafika ukingoni saa tisa. Kuna saa moja na zaidi ya kuwatoa watu. Kila dakika inayopotea humu ndani inatoka kwenye hiyo saa moja.

Profesa alitazama dirishani. Mashamba ya mpunga yalikuwa yakikimbia nyuma, yamejaa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Kwa dakika nzima ilionekana kama anafikiri. Alikuwa anapiga hesabu ya siku thelathini.

"Kesho saa sita mchana tunafungua kufuli," alisema. "Nitakupa mashine siku nzima, uandike makala, jina lako litangulie langu. Subiri hadi kesho tu, binti."

"Nisubiri?" alisema Gaudensia. "Wewe ndiye unayemwambia mtu asubiri?"

Hata roboti mhudumu alisimama na birika hewani, ingawa ni kwa sababu gari lilikuwa linapinda.

"Angalia adabu," alisema Kapungu. "Huyu ni Profesa."

"Najua. Nimempa shikamoo."

Alitoka, akasimama kwenye kiungo cha mabehewa, akampigia simu mama yake mdogo. Perpetua Lyanga alikuwa mwenyekiti wa mtaa wa Lihoma Chini na mwalimu wa chekechea hapo hapo. Ni mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, aliyeshinda uchaguzi mara nne kwa sababu wapinzani wake walichoka kubishana naye.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema? Umekimbizwa?"

"Mamdogo, ukingo utaanguka leo. Mchana, saa tisa. Watoe watu."

Mvua ilisikika ikipiga mabati upande wa pili.

"Kikuku changu kijani, Gaude."

"Kinadanganya. Mimi ndiye ninayekilisha, mamdogo. Kinadanganya."

"Tangu lini?"

"Tangu siku kilipopewa tuzo ya kwanza."

Perpetua akashusha pumzi. "Haya. Lakini nisikilize na mimi. Nikiwaambia mafuriko watanicheka. Watanionyesha mikono yao, hivi, kijani, kijani. Mzee Ngatunga atasema mwenyekiti ameanza kuota. Hawa watu hawakimbii kifo mpaka kiwe na mhuri."

"Sasa?"

"Sasa niachie. Kigango cha juu, kanisa letu dogo, maji yatafika?"

"Kipo kileleni. Maji hayafiki."

"Basi nitawaambia kuna vikuku vya toleo jipya, vinagawiwa kigangoni bure, anayetangulia ndiye anayepata. Nianze na watoto wangu wa chekechea, wazazi watafuata. Na jirani asiye na mtoto hatakubali apitwe."

"Mamdogo, huo ni uongo."

"Na hicho cha mkononi ni nini? Kata simu, nina kazi."

Saa tatu na nusu kipaza sauti cha Lihoma Chini kilitangaza vikuku vya bure. Saa nne kilima kilikuwa kimejaa miavuli. Watu waliokataa kuvuka barabara kwa ajili ya uhai wao walipanda mteremko wa matope wakiwa na vizee mgongoni, wakisukumana, wakitukanana, kila mmoja akilinda nafasi yake kwenye foleni. Waliobaki chini walikuwa wa aina moja: wale waliokwisha nunua toleo jipya. Walikaa vibarazani wakiwacheka majirani zao wanavyolowa kwa kupenda vya bure.

Gaudensia alirudi kwa Profesa mara mbili. Mara ya kwanza alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Mara ya pili Kapungu aliufungua kidogo, akamwambia Profesa anapitia hotuba yake. Aliisikia. Ilihusu umuhimu wa kutomwacha mtu nyuma.

Alisimama mlangoni hapo, mguu mmoja mtupu, akihesabu. Saa tatu na robo. Saa nne. Saa nne na robo ilipopita, saa tano za Mzinga zingeishia baada ya saa tisa na robo, wingu likiwa limeshafika, na jibu lisingeweza tena kuitangulia mvua. Alipiga simu Mbalamo, akamwomba mwenzake wa kitengo cha umeme azime jumba zima, vikuku vizimike, angalau watu waogope giza. Mwenzake alimwuliza kama agizo hilo liko kwa maandishi.

Saa tano kasoro dakika kumi gari-sumaku lilishuka kwenye njia yake, stesheni ya Arusha. Jukwaani kulikuwa na bendi, mazulia na watangazaji. Profesa alitoka, Gaudensia nyuma yake, na safari hii hakunyenyekea. Alimshika mkono wa koti mbele za watu.

"Sema hayo maneno mawili, au nitayasema mimi yote niliyokuambia, hapa hapa, kwa hivi vipaza sauti."

Profesa alitazama mkono ule, akatazama kamera. Wakati huo huo Kapungu alikuwa na simu sikioni, akinyoosha kidole kimoja juu kama mtu aliyebatizwa upya.

"Profesa! Waamuzi wa Orodha wamefunga hesabu mapema. Wamechukua kipimo cha mwisho sasa hivi, saa tano kasoro dakika tano. Siku ya thelathini wameisamehe. Ni wa kwanza! Wa kwanza duniani!"

Uso wa Profesa ulifunguka kama mwavuli. Akaishusha shingo, akamwambia Gaudensia kwa upole mkubwa, upole wa mtu anayegawa kilichombakia sahanini:

"Unaona? Kila kitu kina wakati wake." Akainua kikuku chake mdomoni. "Mzinga. Rudisha mstari."

"Hesabu inachukua saa tano, Profesa," alisema Gaudensia. "Itamaliza saa kumi."

"Basi subirini," alisema Profesa, akaifuata bendi.

Kule Mbalamo vikokotoo milioni tisa vilisimama, vikavisubiri vile mia nne na kumi na mbili kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Hesabu ilikuwa ngumu. Vilirudia na kurudia. Vingine vyote vilikaa kimya mpaka vya mwisho vikamaliza.

Ukingo uliporomoka saa tisa na nusu.

Jibu la Mzinga lilitoka saa kumi kamili. Lilisema Lihoma Chini itafunikwa na maji na tope kina cha mita tatu na sentimita arobaini. Wapimaji walipofika walikuta tatu na thelathini na nane. Vikuku vyote vya mtaa ule viliwaka nyekundu kwa pamoja, vingine vikiwa chini ya tope, na waokoaji walifuata mwanga huo kujua wachimbe wapi.

Watu waliokufa ni sabini na mmoja. Mzee Ngatunga ni mmoja wao. Waliokuwa kwenye foleni kilimani ni elfu moja mia tisa na kumi na nne, na walikuwa katikati ya kumtukana mwenyekiti wao kwa kuwachelewesha waliposikia mlima unakatika.

Profesa Matimbwa alipokea nishani jioni hiyo, akaomba ukumbi usimame dakika moja kuwakumbuka wahanga. Tume iliundwa. Ilikaa miezi minane, ikaandika kwamba Mzinga ulikuwa sahihi kwa asilimia tisini na tisa nukta tisa, na kwamba tatizo lilikuwa mvua. Profesa alistaafu kwa heshima. Anaishi Lushoto, anafuga sungura na kuandika kumbukumbu za maisha yake.

Kanisius Kapungu ni mkurugenzi wa Taasisi.

Mstari wa kusubiriana umerudishwa kwenye Mzinga, kwa jina la Mruko Awamu ya Pili. Kwenye Orodha ya Wepesi Mzinga ni wa kumi na tisa.

Gaudensia Lyanga alifukuzwa kazi kwa kuacha zamu na kutoa siri za ofisi. Alitozwa pia faini ya kusafiri bila tiketi. Sasa anapima maji ya mifereji kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, kwa fimbo yenye alama.

Lihoma Chini haikujengwa tena. Panalimwa magimbi.

Perpetua Lyanga alivuliwa uenyekiti kwa kosa la kuwadanganya wananchi kuhusu vikuku. Walalamikaji walikuwa mia mbili na sita, wote wa kwenye ile foleni. Chekechea yake iko juu, karibu na kigango. Wale watoto thelathini na wanane aliopanda nao siku ile wako darasa la tatu.